Waliowahi kuona zile space shuttle, vyombo vya anga vya NASA (shirika la anga la Marekani), kwa macho, tupeane uzoefu

BabaNasra: Wakuu habari za mchana. Juzi nimempeleka binti yangu pale makumbusho ya Udvar-Hazy, Virginia, tukasimama mbele ya shuttle ya Discovery, miguu ikagoma kuondoka. Nilijua nitakuta jeupe pee, kumbe mwili mzima una michirizi ya moto, vile vigae vya kukinga joto vimebabuka na kila kimoja kina namba yake. Limeenda angani mara 39 hilo! Mliowahi kuyaona yakiruka leteni habari.

Chausiku: Mimi niliiona shuttle ya Atlantis ikiruka Julai 2011, ile safari ya mwisho kabisa ya shuttle. Tuko Titusville, Florida, ng'ambo ya maji, watu wamelala kwenye magari, mawingu yametanda, kila mtu anasema leo haitoki, halafu saa ya kuhesabu kuruka ikasimama zimebaki sekunde 31, roho juu juu. Mara moto! Kimya, sauti haijafika bado, ndo kikaja kishindo kinakugonga kifuani. Ikazama mawinguni. Watu wazima wanalia, na mimi nikalia.

mpwani78: Kile kishindo hakielezeki dada.

Kimbunga: Samahani ila mnasifia vyombo vilivyoua watu 14.

BabaNasra: Ila vimeenda safari 135 mkuu. Darubini ya Hubble ilipelekwa na nani 1990? Na nani waliifuata hukohuko juu kuitengeneza mara 5?

Mbeya_Texas: @Kimbunga umenigusa. Tarehe 1 Februari 2003, Jumamosi, nasoma Nacogdoches, Texas, nipo jikoni nachemsha chai, saa mbili asubuhi hivi, madirisha yakaanza kutetemeka, mngurumo mrefu haukatiki, nikajua bomba la gesi limelipuka. Natoka nje majirani wote wanaangalia juu. TV ndo ikatuambia ni shuttle ya Columbia imevunjika ikirudi, watu 7. Kipande cha sponji kilibanduka kwenye tangi wakati inaruka kikatoboa bawa la kushoto, wakati wa kurudi ule moto ukapenya humo. Njiani nikaona kipande cheusi ukubwa wa kiganja, polisi wamekizungushia utepe, kuna mtu kashaweka maua. Watu wakapanga mstari wakaingia maporini kutafuta vipande, wengine wazee kabisa. Mimi tangu siku ile nawapenda wale watu zaidi.

Chausiku: Dah. Pole sana kaka.

Kimbunga: Pole kaka, marehemu nawaheshimu. Ila hata ile ajali ya shuttle ya Challenger 1986 wahandisi walionya kuhusu baridi, wakapuuzwa. Hilo siliachi.

mpwani78: Hapo kwenye wahandisi uko sahihi.

FundiSaa: Anayetaka kwenda, aanze na Atlantis pale kituo cha anga cha Kennedy, Florida, wameilaza ubavu milango wazi unaona mpaka tumboni.

BabaNasra: Aende Virginia bwana, kiingilio bure, unalipia parking tu.

FundiSaa: Bure sawa, ila ukitaka kuona ndani ni Florida.

Mtoto_wa_Unguja: Mbona mnaisahau Zanzibar? Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga pale enzi za Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani, mwanaanga John Glenn akizunguka dunia 1962 aliongea na Zanzibar kwa redio! Baada ya Mapinduzi 1964 kikafungwa. Babu yangu alikuwa anakisimulia sana.

Chausiku: Weee! Usikimbie, babu alisema nini? Shusha yote hapa.