Naomba ushauri: albamu ipi ya Loudness nimpelekee mdogo wangu?

Mpiga_Kasia (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko Osaka kimasomo, Desemba narudi Morogoro likizo. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 17, anapiga gitaa la solo kwaya ya vijana. Tangu nimrushie "Crazy Nights" ya Loudness, bendi ya roki nzito ya Japani, hashikiki, kila siku ananiuliza yule mpiga solo kajifunzia wapi. Nataka kumpelekea CD halisi, aishike mkononi, asome majina ya wapigaji.

Duka la mitumba jirani lina tatu: Thunder in the East, na Disillusion mbili, ya Kijapani na ya Kiingereza. Hela yangu inatosha moja. Dogo Kijapani hajui hata neno. Halafu kuna Mama, mzee wa kanisa, ambaye gitaa likikoroma sana huuliza tunamwabudu nani. Sitaki zawadi ilete ugomvi nyumbani. Mngekuwa nyie mngebeba ipi? Nawasilisha.

Besi_Nzito
Mkuu, Thunder in the East, usihangaike. Hiyo ndiyo waliyoitengeneza ili sisi wa nje tuwasikilize. Bendi imezaliwa hapohapo Osaka 1981, lakini hii walienda kurekodi Los Angeles chini ya prodyuza Max Norman, aliyekuwa ameshafanya kazi na mwimbaji wa roki nzito Ozzy Osbourne. Ikatoka 1985, nyimbo zote Kiingereza, ikashika nafasi ya 74 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Mwaka huohuo wakawatangulia Mötley Crüe, bendi ya Marekani, jukwaani Madison Square Garden, ukumbi mkubwa wa New York. "Crazy Nights" umo humo na dogo ameshaupenda, mpe alichokipenda.

Fundi_Spika
Napinga kwa heshima. Thunder in the East ni nzuri, ila imenyooshwa ikae redioni, viitikio vikubwa vya kuimba na umati. Anayejifunza solo mpe Disillusion ya 1984. Wapigaji ni walewale wanne: Minoru Niihara anaimba, Masayoshi Yamashita besi, marehemu Munetaka Higuchi drams, Akira Takasaki solo. Humo kuna "Exploder", gitaa tupu, hakuna kuimba. Takasaki anagonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Dogo akiisikiliza mara hamsini, hamtamtambua.

Na beba ya Kijapani. Ile ya Kiingereza ilifuata mwaka huohuo kwa ajili ya soko la nje, na Niihara anaimba kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwa lugha yake anaachia sauti yote. Sisi tumekua na Franco redioni, Kilingala hatukijui, na tulicheza mpaka asubuhi.

Mama_Tuma
Mwanangu, mimi nimelea wapiga gitaa wawili. Mama yako usimfiche. Mpigie kabla hujanunua, mwambie ni zawadi ya nini. Ukifika, mwekee kwanza hiyo ya gitaa tupu, asikie kazi ya mikono. Na siku nyingine ukiona albamu yao Devil Soldier, yaani "Askari wa Shetani", dukani, iache hukohuko. Jina hilo juu ya meza ya sebuleni hutaweza kulieleza.

Jua_Kali
Nyongeza ndogo. Jalada la Thunder in the East lina mionzi ya jua kama bendera ya jeshi la Japani. Kama unaishi na Wakorea au Wachina, usiliache wazi. Kwao ni kidonda cha uvamizi wa Japani.

Mpiga_Kasia (mleta uzi)
Asanteni sana, wakuu. Mama_Tuma, shikamoo, nimekusikiliza. Nimempigia Mama, tumeongea karibu saa nzima. Ameniuliza jambo moja tu, kama dogo ataendelea kufika mazoezi ya kwaya Jumamosi. Nimemwambia ndiyo.

Leo nimechukua Disillusion ya Kijapani. Karatasi ya mashairi imo. Nimeanza na "Crazy Doctor", kila mstari namwandikia maana yake pembeni kwa penseli, ili akitaka afute.