Tupeane uzoefu: "lay" au "laid", "found" au "founded"? Unachaguaje kitenzi cha wakati uliopita?

Chaki Nyeupe
Wadau, salaam. Uzi huu ni wa walimu, wahariri na wakalimani. Leta kosa, chanzo chake na kipimo cha kulikwepa. Ushauri wa "kariri orodha" hatuutaki. Orodha kila mtu anayo.

Naanza na -me-, maana ndiyo inayopoteza wengi. Shuleni wanaambiwa -me- ni "have", basi "amelala" inageuka "he has slept". Lakini amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, nimeshiba, hizi zote zinaeleza hali iliyopo sasa hivi. Kiingereza hapo kinataka wakati uliopo: "he is asleep", "he is standing", "I am full". Ukiandika "she has worn a red dress", msomaji ataelewa kwamba amewahi kulivaa, si kwamba liko mwilini. Kipimo: je, hali bado inaendelea? Mtu bado yuko usingizini? Achana na "have".

Mhariri wa Zamu
Nyongeza hapohapo, mkuu. Mtaani -me- inavumilia neno "jana": "nimemwona jana" haimshtui mtu. "Have" haivumilii. Ukishataja muda uliokwisha, "yesterday", "last week", "in 2019", "two days ago", ni "I saw him" tu. "Today" na "this week" zinaruhusu "have" kwa kuwa muda wenyewe haujaisha.

Kwa "had", Kiswahili kinakubeba vizuri. Panapokubali "lilikuwa limeondoka", weka "had": "When we arrived, the bus had left." Ukiandika "the bus left", umesema basi liliondoka mlipofika, kana kwamba lilikuwa linawasubiri mlione mkia.

Fundi Sarufi
Nachukua "lie" na "lay". Tafsiri kwanza: kulala ni "lie, lay, lain", kulaza ni "lay, laid, laid". Balaa ni kwamba "lay" iko pande zote mbili: ni wakati uliopita wa kulala, na ni wakati uliopo wa kulaza. Kwa hiyo uliza kama kuna kitu kilichowekwa. Mtoto alilala mkekani, "the baby lay on the mat". Mama alimlaza mtoto, "she laid the baby on the mat". Kuku alitaga, "laid", maana yai ndilo lililowekwa. "Layed" haipo. "Lied" ni kudanganya, kwa hiyo "he lied on the bed" inamfanya mtu awe mwongo akiwa kitandani.

Kipimo hichohicho kinatatua kupanda na kupandisha ("rose", "raised"), na kuanguka na kuangusha mti ("fell", "felled").

Mama Insha
Mwalimu amegusa pacha, niongeze wenzao. "Find" hutoa "found", lakini kuna kitenzi kingine "found", kuasisi, ambacho hutoa "founded". TANU "was founded in 1954". Ukiandika "was found", ni kama mtu aliiokota njiani. Vivyo hivyo mahindi "was ground", ndege iliyozuiwa kuruka "was grounded".

Na "did not went"? Waonyeshe "sikuenda". Alama ya wakati uliopita ni -ku-, ndiyo maana hakuna anayesema "sikulienda". "Did" inafanya kazi hiyohiyo, kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu: "did not go", "did she cook?"

Silabi Tatu
Tahajia: "offered" ina r moja, "preferred" ina mbili. Kwa nini? Mkazo. Ukiangukia silabi ya mwisho, konsonanti hurudiwa: "referred", "occurred", "admitted". Usipoangukia hapo, hairudiwi: "opened", "visited", "happened". Sisi huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo tunatamka "prefer" na "offer" sawa na sikio halitusaidii. Angalia kamusi, alama ya mkazo ipo. "Travelled" ya Uingereza inakiuka kanuni. Marekani wanaandika "traveled".

Mgeni wa Jukwaa
"Hung" au "hanged"? Na "learnt" au "learned"?

Mhariri wa Zamu
Nguo "hung", mtu aliyenyongwa "hanged". "Learnt" na "learned" zote sahihi Uingereza, Marekani ni "learned". Chagua moja uishie nayo hadi mwisho wa andiko. Ile ya mahakamani, "my learned friend", ni msomi, na hutamkwa silabi mbili.

Mgeni wa Jukwaa
Asante, mkuu. "Costed" je, ni kosa?

Mama Insha
Kwa bei ni kosa: "the fish cost 5,000 shillings", haibadiliki kama "cut" na "put". Mhandisi aliyekadiria gharama za mradi, huyo "costed the project".