Naomba ushauri: tumehamia Iwaki, Fukushima. Nirudi nyumbani?

MamaTunu: Habari zenu wanajamvi. Mume wangu kapata kazi hapa Iwaki, mkoa wa Fukushima, kama kilomita 40 kutoka kile kinu cha nyuklia kilicholipuka 2011 baada ya tsunami. Tuna miezi mitano na mimi silali, hata mchele wa dukani nauogopa. Wenye uelewa, mionzi bado ipo? Nirudi Tanga?

KijanaPosta: Watu wanauza viwanja waende Japani wewe unataka kurudi, niachie nafasi dada.

MzeeKiev86: Binti, mimi nilikuwa mwanafunzi Kiev, Ukraine, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, 26 Aprili 1986. Mei Mosi watu waliandamana barabarani na watoto wao kama kawaida, hakuna aliyetueleza la maana, baadaye ndo tunaambiwa fungeni madirisha. Watoto wa kule waliponzwa na maziwa, ng'ombe walikula majani yenye iodini ya mionzi, maelfu wakaja kupata saratani ya tezi ya shingo. Mimi nina watoto wanne, wazima wote.

NesiWaZamu: Mama Tunu, iodini ile hupungua nusu kila siku 8, ya 2011 iliisha mwaka uleule. Inayokaa ni sisiamu-137, nayo ni ya mionzi, hiyo hupungua nusu kila miaka 30, ila chakula huko kinapimwa, kikizidi bekereli 100 (kipimo cha mionzi) kwa kilo hakiuzwi. Sasa niambie ukweli mdogo wangu, una mimba?

MamaTunu: Ndiyo. Wiki ya 9, mume hajui. Alhamisi nina miadi ya kuitoa. Msinihukumu, shangazi kanitumia picha za watoto wa Chernobyl, mtoto wa vile nitamlea na nani huku ugenini? Nimeshafikiria sana na hela nimeshalipa.

UstadhM: Mumeo ana haki ya kujua. Mrudie Mungu wako.

NesiWaZamu: Ustadh ngoja kwanza. Mdogo wangu, baada ya Chernobyl, Ugiriki ilikadiriwa mimba kama 2,500 zilizokuwa zinatakiwa zilitolewa kwa hofu tu, na mionzi iliyofika kule ilikuwa kidogo sana. Hapo Fukushima wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamefuatilia miaka kumi, hawajaona kwa wakazi ugonjwa uliotokana na mionzi yenyewe. Vifo zaidi ya 2,300 vimeandikwa mkoani humo vya kuhamahama na msongo, wengi wazee. Hofu ndo iliyoua, na wewe ndo imekushika.

Sharobaro_wa_Kweli: Akaunti ya jana, mume hajui, hela imelipwa, Alhamisi. Hii chai.

KijanaPosta: Na sukari imezidi.

MamaTunu: Chai? Kwenye bustani ninapompeleka Tunu kuna kifaa cha kupima mionzi, namba zake zinawaka mchana na usiku, kila asubuhi nazisoma na sizielewi. Hiyo ningeitunga vipi? Nimefungua akaunti jana kwa sababu sina wa kumuuliza kwa Kiswahili.

NesiWaZamu: Nisomee hiyo namba kesho kabla ya kitu chochote. Na Alhamisi isogeze, hata wiki moja.

MamaTunu: Leo asubuhi iliandika 0.07. Hiyo ni mbaya?