Presha 138/86 kwa mwenye kisukari: tuendelee kuangalia au dawa ianze?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, naomba msaada. Mgonjwa wa kisukari aina ya pili, miaka 52, presha yake inacheza kwenye 138/86 kwa mahudhurio matatu mfululizo. HbA1c (wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) ni 7.1, hana dalili yoyote. Wengine wanasema dawa ni mpaka 140/90, wengine 130/80. Tushike lipi? Na sukari yake ikiwa imetulia hivi, moyo si umeshalindwa?

Mkanda_na_Mshipa:
Mkuu, kwanza tuhakikishe hiyo 138 ni ya kweli. Mgonjwa akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, miguu isipishane. Mkono uwe wazi, umelala juu ya meza usawa wa moyo. Awe amekojoa, na nusu saa kabla asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa. Pima mara mbili, mwachano wa dakika 1. Kosa ninaloliona mno ni mkanda mdogo wa mashine kwenye mkono mnene: presha inasomeka juu kuliko ilivyo, na mtu anameza dawa asiyoihitaji. Kama ana mashine nyumbani, apime asubuhi na jioni siku 7, vipimo vya siku ya kwanza msivihesabu, vilivyobaki mtafute wastani.

Wastani ukibaki 130/80 au zaidi, kwa mwenye kisukari hiyo ni presha ya kutibiwa. Chama cha Kisukari cha Marekani kinaanza dawa hapo. Shirika la Afya Duniani linaanza kwa kila mtu kwenye 140/90, ila linaruhusu kuanza namba ya juu ikiwa 130 hadi 139 kwa mwenye kisukari, na lengo la matibabu kwake ni chini ya 130. Kwa hiyo ubishi wenyewe ni mdogo kuliko unavyosikika.

Kuhusu sukari, hapana, haitoshi. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, matokeo ya 1998, ulilinganisha wenye kisukari waliofikishwa wastani wa 144/82 na waliobaki 154/87. Tofauti ni pointi 10 tu kwenye namba ya juu, lakini kiharusi kilipungua kwa 44% na vifo vitokanavyo na kisukari kwa 32%.

Dozi_Sahihi:
Naongezea upande wa dawa. Kabla ya kuandika chochote, pima albumini (aina ya protini) kwenye mkojo. Uwiano wa albumini na kreatinini (taka ambayo figo huitoa) ukifika 30 mg/g, figo zimeshaanza kuvuja, na hapo dawa ya kwanza ni kundi la enalapril au la losartan. Chagua moja, kamwe usiunganishe yote mawili: potasiamu hupanda na figo huumia. Rudia potasiamu na kreatinini baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini kupanda kidogo, isizidi 30%, si sababu ya kusimamisha. Kikohozi kikavu kikianza na enalapril, hamia losartan. Mjamzito asipewe hata moja kati ya hizo.

Muulize pia dawa za maumivu, tafadhali. Diclofenac na ibuprofen za kila siku hupandisha presha na kuzibana figo, na wagonjwa hawazitaji kwa sababu kwao hizo si "dawa za presha". Chumvi yote ya siku isifike gramu 5. Na kwa miaka yake 52, statini (dawa ya kushusha lehemu) anaihitaji hata kama lehemu inaonekana ya kawaida.

Zamu_ya_Usiku:
Asanteni sana. Mkojo umerudi: 65 mg/g. Ila leo amesema akiinuka kitandani anapata kizunguzungu. Bado tuanze?

Mkanda_na_Mshipa:
Albumini irudiwe, kwa sababu homa au maambukizi ya mkojo huipandisha kwa muda. Kizunguzungu usikipuuze. Mpime amelala, kisha amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, huenda kisukari kimeshagusa mishipa ya fahamu inayoendesha moyo. Presha bado itatibiwa, ila anza dozi ndogo, ongeza polepole, na kila hudhurio apimwe amesimama.

Mtu wa namna hiyo anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu ya kifua. Akija na pumzi fupi ya ghafla, jasho la baridi, kichefuchefu au uchovu usio na sababu, pima sukari, na hata ikiwa sawa apigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) papo hapo.