Jumuiya yetu inataka kuwafuturisha majirani Waislamu. Tuanzie wapi?

Katibu wa Jumuiya, Mbagala

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki hapa Mbagala. Mwaka huu wa 2025 Kwaresima na Ramadhani vimeangukiana: sisi tulianza mfungo Jumatano ya Majivu, Machi 5, wenzetu walishatutangulia siku chache. Kwenye sala ya jumuiya mama mmoja akasema, kwa nini tusiwafuturishe majirani jioni moja? Wote tukaafiki. Kuja kupanga, tumekwama.

Niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Oktoba 2012, makanisa ya huku kwetu yalipovamiwa baada ya ule ugomvi wa watoto juu ya Msahafu, nilijifungia ndani na wanangu wawili. Jirani yangu, mzee wa Kiislamu, alikuja na kigoda chake akakaa barazani kwangu tangu alasiri mpaka usiku. Hakunigongea, hakusema kitu. Vijana wakipita wanamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, wanapita. Mzee ameshatangulia mbele ya haki. Mjane wake yupo nyumba ileile, na miaka yote hii sijamwita hata kwa kikombe cha uji.

Sasa: masufuria ya jumuiya ndiyo tunayopikia kitimoto kwenye sherehe zetu. Yakisuguliwa sana yatafaa? Nyama achinje nani? Na tukae ukumbi wa parokia au uani kwangu?

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Mwanangu, Mungu akulipe kwa nia yako. Masufuria hayo yaacheni. Sisi Waislamu wa pwani wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, na kwetu chombo kilichoingia nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hata mkiosha hivyo, mgeni atakaa na wasiwasi na adabu itamzuia kuuliza. Nenda kwa huyo mjane ukamwazime yake. Usinunue mapya, mwazime.

Mkae uani. Ukumbi wa parokia wapo watakaoona uzito kuingia, na ukiwaita huko umewapa mtihani.

Magharibi kwenu mwezi huu ni kama saa 12 na nusu. Tende na maji viwe tayari kabla, na uji mwepesi wa pilipili manga. Kisha waache wasali. Tandikeni mikeka safi, ndoo na kata za kutilia udhu pembeni. Kibla huko Dar ni kaskazini. Mbwa afungwe mbali. Wakimaliza kusali ndiyo ilete futari yenyewe: magimbi ya nazi, mihogo, maharage ya nazi, tambi, chapati.

Fundi wa Geita

Mimi ni Mkristo. Mwaka 2013 huku Buseresere watu walifarakana juu ya kuchinja mpaka mchungaji akauawa. Kwa niliyoyaona, nakushauri upike samaki, suala la kuchinja lisizuke kabisa. Tena ikiwa Ijumaa, ninyi Wakatoliki nyama hamli.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Pole kwa yaliyowapata huko, fundi. Samaki ni chakula chema, ila akipikwa kwa kuogopana, wageni watamla wakijua wanaogopwa. Katibu, chukua kuku watatu, chagua Jumamosi, umwombe kijana wa huyo mama akuchinjie hapo uani, watoto wenu wakiona. Anayeombwa kuchinja ameaminiwa.

Katibu wa Jumuiya, Mbagala

Narudi na majibu. Tulifuturisha Jumamosi iliyopita.

Niliingia kwa mama yule nikiwa na hotuba yangu kichwani, nikasahau yote. Nikasema tu, "Mama, shikamoo, nimekuja kuazima masufuria, nataka uje ufuturu kwangu." Akanitazama, akaingia ndani. Nikadhani amekataa. Akatoka na sufuria tatu na mwiko, akaniuliza, "Nazi utakuna na nani?" Jumamosi saa nane alikuwa kwangu na mbuzi yake ya kukunia, amekaa palepale barazani alipokaa mumewe.

Kijana wake alichinja kuku. Tatizo lilikuwa moja, na lilitoka kwetu. Mwenyekiti alisimama kubariki chakula, akaunganisha na mahubiri. Adhana ikalia, watu wameshika tende mikononi, wanamsubiri amalize kwa heshima. Ilibidi nimvute shati. Baadaye aliwaendea mmoja mmoja kuwaomba radhi, wakampokea vizuri. Mwakani hili tutalisema mapema.

Walikuja watu kumi na tisa. Wanaume walisali kwenye mikeka, wanawake chumbani kwangu. Nilikuwa nimeushusha msalaba ukutani. Mama yule akaniuliza mbona pana alama ya msumari, nikamweleza. Akasema, "Ungeuacha, mwanangu. Ni nyumba yako. Mimi ningegeukia kwingine."

Juzi nimemrudishia masufuria, na unga wa ngano kilo mbili ndani, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Leo mchana kaja kuniuliza Pasaka tutakuwa wangapi, ajue alete sufuria ipi.