Ushauri: Tuanzie wapi kuongeza wasichana kwenye uhandisi na fizikia chuoni?

Kipimapembe (mleta mada)
Habari za majukumu wadau. Kamati ya kitivo chetu inaandika mpango wa miaka mitatu wa kuongeza wasichana kwenye uhandisi wa mitambo, wa umeme na fizikia. Mezani kuna mapendekezo mawili: kuwashushia wasichana pointi za kuingilia, au kuwatengea asilimia fulani ya nafasi. Kipi kianze? Na kamati za namna hii huwa zinasahau nini? Naomba majibu ya kiutendaji.

MezaYaUdahili
Mkuu, kisianze chochote kati ya hivyo. Anzeni na hesabu, tena ya kila kozi peke yake. Ukijumlisha "sayansi" yote, famasia na sayansi ya chakula zitafunika upungufu wa mitambo na mtadhani hali ni nzuri.

Chukueni hatua tano: walioomba, wenye sifa, waliochaguliwa, waliothibitisha na waliofika mwaka wa pili. Tuseme walioomba ni 400, wasichana 120. Wenye sifa 260, wasichana 78. Mpaka hapo ni asilimia 30 kwa 30, hakuna kilichovuja. Waliochaguliwa 100, wasichana 28. Waliothibitisha 90, wasichana 22. Tayari mmeshuka hadi asilimia 24, na sita wameondoka baada ya kuchaguliwa, pointi zao zikiwa zinatosha kabisa. Hao pigieni simu. Wengi mtakuta wamethibitisha udaktari chuo kingine, au wamekosa uhakika wa hosteli. Kwa hali hiyo kushusha pointi hakugusi tatizo lenu.

Tahasusi
Naongezea kwenye pointi. Makerere walianza mwaka 1990 kuwaongezea waombaji wa kike pointi 1.5. Idadi ya wasichana chuoni ilipanda kweli, ila lawama kubwa ni kwamba walionufaika zaidi ni waliotoka shule nzuri, na wengi waliingia kozi za sanaa. Pointi hazimpeleki mtu kwenye fizikia ambayo hakuisoma.

Kwetu kuna ukuta mwingine: chuo hakiwezi kwenda chini ya sifa za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), yaani ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0 (A ni 5, E ni 1). Kushusha kuna maana pale tu ambapo kozi inakata juu sana ya hapo. Halafu msichana wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) mwenye pointi 12 bado hawezi kuingia kozi ya mitambo inayodai Hisabati ya Juu, kwa sababu alisoma ile ya msingi, BAM. Huyo hana upungufu wa pointi. Tahasusi, yaani mchepuo wa masomo aliouchagua kidato cha tano, ndiyo iliyomfungia mlango.

Kipimapembe
Asante sana. Kwa hiyo wa PCB ndiyo basi? Tunaweza kuwafikia kabla?

Tahasusi
Akishamaliza kidato cha sita umechelewa. Dirisha lenu ni kati ya matokeo ya kidato cha nne, ambayo hutoka Januari, na kufungwa kwa mabadiliko ya tahasusi kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI. Hapo msichana mwenye B ya hisabati aliyejaza PCB kwa sababu nyumbani wanajua udaktari tu anaweza kuhamia PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kwa dakika chache. Lakini matangazo ya redioni pekee hayatoshi. Tumeni wanafunzi wenu wa kike wa mwaka wa tatu shuleni mwezi Septemba au Oktoba, kabla ya mtihani wa Novemba, wakiwa na karatasi moja tu: kozi gani inadai masomo gani, na mhitimu wake anafanya kazi wapi. Mwalimu wa taaluma abaki na nakala, maana yeye ndiye atakayeulizwa Januari. Anzeni na zile shule mpya za wasichana za sayansi zilizopangwa moja kila mkoa wa Tanzania Bara, jumla 26.

Hisabati_Kwanza
Kama mna wasichana wenye sifa za TCU lakini wako chini kidogo ya kikomo chenu, fanyeni kozi ya maandalizi. UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wameshawahi kuitumia kwa uhandisi na sayansi, kwa hiyo si jambo la kubuni upya. Wiki 6 kabla ya chuo kufunguliwa, siku 5, saa 6 kwa siku: saa 180. Mgao wangu ungekuwa hisabati 80, fizikia 40, uchoraji wa kihandisi 40, kompyuta 20.

Uchoraji wengi huuona ni wa kupunguzwa. Msiuguse. Shule kongwe za ufundi kama Ifunda na Bwiru Wavulana zimelea wavulana miaka mingi, hivyo msichana anaweza kuwa na A ya fizikia na hajawahi kushika rula ya T. Wiki ya pili ya muhula anaonekana mzito, kumbe ni mgeni tu wa zana. Kozi hizi hufa kwa mambo mawili: wanafunzi kujitegemea chakula na malazi, na mhadhiri kurudia mada za kidato cha sita ubaoni badala ya kuwapa maswali wakokotoe wenyewe.

Na orodha ya waliopitia maandalizi isibandikwe ubaoni. Wakishaitwa "wa kubebwa", kila sapu (mtihani wa marudio) yao itakuwa ushahidi, ya mwenzao haitahesabiwa.

Fundi_Lathe
Mmesahau karakana. Ukiwa na wasichana 8 na vikundi 8, usimweke mmoja mmoja kila kikundi ukidhani ndiyo usawa. Huyo mmoja atafanywa katibu muhula mzima: wenzake wanakata chuma, yeye anaandika ripoti. Weka wawili au watatu kwenye kikundi kimoja, vingine vibaki bila. Halafu bandika ratiba ya majukumu (anayeendesha mashine, anayepima, anayeandika) ibadilike kila zoezi, na fundi sanifu asaini nani ameshika mashine.

Vifaa: mara nyingi buti za usalama huagizwa kuanzia namba 41. Agizeni 36 hadi 40, na ovaroli ndogo. Ovaroli kubwa yenye mikono inayoning'inia ni hatari kwenye mashine inayozunguka. Hijabu iwe fupi, ya kuvaa moja kwa moja, ncha zote ndani ya ovaroli. Na choo cha wanawake kiwe kwenye jengo hilohilo la karakana.

Kipimapembe
Hili la vikundi hatukuwa nalo kabisa. Swali la mwisho: rushwa ya ngono tuiweke kwenye mpango au tuiachie dawati la jinsia?

MezaYaUdahili
Iwekeni. Dawati linapokea malalamiko. Kitivo ndicho chenye uwezo wa kuziba mwanya. Mitihani isahihishwe kwa namba ya usajili bila jina. Alama za kazi za muhula zibandikwe, kwa namba hizohizo, kabla ya mtihani wa mwisho, ili zisibaki kichwani mwa mhadhiri mmoja. Kila karatasi iliyofeli isomwe na msahihishaji wa pili. Usimamizi wa mradi wa mwaka wa mwisho ufanyike ofisini, saa za kazi. Mwanafunzi aelezwe wiki ya kwanza kwamba kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinalifanya hili kuwa kosa la jinai, na kwamba anaweza kwenda TAKUKURU moja kwa moja bila kupitia kwa mkuu wa idara.