Mitambo ileile ya Ubungo, bili mbili: mikataba hii tunaivunja kwa hesabu gani?

Wadau, kila shirika la umma likishindwa kesi ya mkataba wa kukodi mitambo, kelele huwa zilezile: tusilipe, mkataba ulikuwa wa kifisadi. Mimi naona kelele hizo zinawaponya walewale tunaowalaumu. Tuchukue mfano wa mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar es Salaam.

Mwaka 2006 maji ya bwawa la umeme la Mtera yalikauka, mgawo wa umeme ukatubana, TANESCO, shirika la umma la umeme, ikakodi mitambo ya dharura ya megawati 100 kutoka kampuni ya Richmond. Mvua zikarudi mitambo haijakamilika. Mwishoni mwa mwaka huo mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na TANESCO ikaridhia. Shikeni hapo, maana ndipo kesi ilipoanza kutuponyoka. Mkataba ulikuwa na kapasiti chaji: mwenye mitambo analipwa kwa kuwa mitambo ipo tayari, iwashwe isiwashwe. Bungeni zilitajwa shilingi milioni 152 kwa siku.

Februari 2008 kamati teule ya Bunge ikaanika uozo wa zabuni ile, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Agosti TANESCO ikavunja mkataba, ikidai ulikuwa batili tangu mwanzo. Novemba 2010 wasuluhishi wa ICC, Chama cha Biashara cha Kimataifa, wakaipa Dowans tuzo, yaani uamuzi wa kulipwa fidia, ya zaidi ya dola milioni 65, kama shilingi bilioni 94 za wakati ule.

Wengi waliona tumeonewa. Lakini ripoti ya Bunge inaweza kumng'oa waziri isivunje mkataba. Mbele ya wasuluhishi swali ni jingine: kama ulijua ni batili, kwa nini uliridhia uhamishwe, ukapokea umeme, ukalipa ankara? Nani aliijibu TANESCO swali hilo kabla ya barua ya kuvunja kusainiwa?

Na hili la kugoma kulipa halina mlango. Tanzania imo tangu 1964 kwenye Mkataba wa New York, unaozibana nchi wanachama kutambua tuzo za wasuluhishi, kwa hiyo tuzo inaweza kutekelezwa kwa amri ya mahakama hata nje ya nchi. Mwaka 2011 Dowans walikuwa Mahakama Kuu Dar es Salaam, ambayo Septemba iliamuru tuzo isajiliwe, na walishafika pia mahakamani London.

Mwaka huohuo Symbion ya Marekani ikainunua mitambo ileile, palepale Ubungo, na TANESCO ikarudi kuwa mteja. Mkataba mwingine, ugomvi mwingine. Mwaka 2021 yakafikiwa makubaliano nje ya mahakama, na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya 2022 ikatuonyesha takriban shilingi bilioni 350. Inauma. Fedha hizo ni za mlipa kodi na mnunuzi wa LUKU.

Msimamo wangu: mkataba wowote wa kukodi mitambo, ndege au vivuko unaofanywa na shirika la umma uwekwe hadharani kabla ya kusainiwa, vifungu vya kuuvunja vikiwemo. Na usivunjwe kabla Mwanasheria Mkuu hajaandika, kwa tarakimu, gharama ya kuumaliza na gharama ya kuuvunja. Karatasi hiyo ipelekwe bungeni. Mwizi ashtakiwe kwa jinai, kwa jina lake, badala ya kumwadhibu kwa kuvunja mkataba halafu tukamlipa fidia.

Najua mtasema dharura haisubiri. Mwaka 2006 tulikimbia kweli, na mvua bado zikatutangulia. Mtasema pia wawekezaji watakimbia mikataba ikiwa wazi. Anayekodisha mitambo kwa bei halali anaogopa nini?

Kuna hoja nzito zaidi, nayo bado inanisumbua: baadhi ya mikataba ni mibovu kiasi kwamba kuimaliza ni hasara kuliko kuivunja. Nakubali ipo. Ila hesabu hiyo aifanye nani, mwanasiasa jukwaani au mwanasheria mezani? Na ikitoka bili, aliyesaini barua ya kuvunja aitwe ajieleze, au tuendelee kumtafuta aliyesaini mkataba peke yake? Wanasheria na mliowahi kufanya kazi kwenye mashirika haya, karibuni.